Siku Niliyomvulia Kofia Nyundo

Tulikuwa tunarudi Iringa mjini kutoka msibani Ilula, mimi na baba mdogo, ndani ya pikapu yake iliyosheheni viti vya plastiki na masufuria ya kuazima. Kila tukivuka tuta, masufuria yanagombana huko nyuma. Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Iringa wa mwezi wa saba hauhitaji utangulizi.

Tulipofika Lugalo akapunguza mwendo.

"Hapa umewahi kushuka?"

Nikamwambia sijawahi. Barabara hii nimeipita tangu nikiwa nabebwa mgongoni, kwa basi la Dar na hata kwa lori la nyanya, lakini kushuka Lugalo, hapana.

"Sasa wewe ni Mhehe wa wapi?" akasema, akakata kona.

Akaegesha, tukatembea kidogo kwenye nyasi kavu hadi kwenye mnara. Yeye akabaki nyuma anahangaika na zipu ya koti. Mimi nikatangulia, nikasimama mbele ya jiwe, nikaanza kusoma. Sijamaliza mstari wa pili, mkono wa kulia ulikuwa umeshapanda kichwani.

Nikavua kofia.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Nilipogeuka, mzee ameinama ameshika magoti, machozi yanamtoka.

"Mwanangu! Umemvulia kofia Nyundo?"

Kumbe na simu alikuwa nayo mkononi. Kabla hatujafika Ipogolo, picha ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mimi kwa nyuma, kichwa wazi, kofia kifuani, nimesimama kama mjane. Binamu mmoja akaandika, "Balozi wa Kaiser mkoani Iringa, karibu nyumbani." Wiki ya sita sasa. Bado wananiita Kofia.

Mkono una akili zake

Nimelelewa na bibi mzaa baba, na kwa bibi suala la kofia halikuwa na mjadala. Unasalimia mtu mzima, "kamwene" inatoka mdomoni na kofia inatoka kichwani kwa wakati mmoja. Makaburini ndiyo usiseme. Akikuona nayo, anakuzibua la kisogo hata mchungaji akiwa katikati ya sala. Kwa hiyo siku ile mkono ulifanya ulichofundishwa: uliona jiwe, ukaona majina na tarehe, ukajua hapa kuna wafu.

Huo ndio ulikuwa utetezi wangu kwenye kundi. Niliuandika kwa Kiswahili fasaha, na vituo nikaweka. Wakacheka zaidi.

Lakini usiku, taa zimezimwa, swali likarudi likiwa na sura nyingine. Sawa, umewavulia kofia wafu. Wafu gani?

Maana jiwe lile hatukulisimamisha sisi. Walilisimamisha Wajerumani kwa ajili ya kamanda wao, Emil von Zelewski, ndiye huyo Nyundo, na wenzake waliouawa pale na Wahehe wa Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891. Majina niliyowahi kuyasoma kabla ya kuchekwa yalikuwa ya Kizungu matupu. Mtu alikuja kutupiga, akapigwa, akafa, na ndiye mwenye mnara kwenye ardhi yetu. Sisi tulioshinda tunapita na mabasi, vioo tumefunga kwa sababu ya baridi.

Nimeandika "sisi" na "yetu". Neno hilo limekuja kunisumbua kuliko kofia yenyewe, lakini nitalifikia.

Dai risiti

Baba mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi, na mambo mengi ya dunia huyapima kwa hesabu za dukani. Jioni moja nilimpigia simu nikamuuliza, bila utani, kwa nini yeye jiwe lile halimkeri.

"Wewe unaona mnara wa Nyundo," akasema. "Mimi naona risiti."

Nikanyamaza aendelee.

"Serikali inasemaje? Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Wazee wetu siku ile walinunua. Walilipa damu, mzigo wakapokea. Mjerumani akaja baadaye mwenyewe, kwa mawe yake na fundi wake, akawaandikia: tarehe hii, mahali hapa, tumepoteza huyu na huyu na huyu. Nani mwingine ana risiti ya namna hiyo? Halafu wewe unataka kuichana?"

Mimi sikuwa nimesema nataka kuichana. Lakini hoja ilikuwa tamu, nikaimeza.

Na ina ukweli wake. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hakutuachia ripoti ya vita. Karatasi karibu zote za vita vile ni zao: barua zao, hesabu zao, sifa walizojipa. Lugalo ndipo walipolazimika kukiri, tena kwa jiwe. Walikuja kulipiza, hilo kila mtoto wa Iringa analijua; Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Lakini ile ya 1891 haifutiki, kwa sababu wao wenyewe ndio walioiandika mahali ambapo mvua haifuti.

Jina lenyewe limekwenda mbali kuliko jiwe. Kambi ya jeshi pale Dar iliitwa Colito, jina la vita vya Waingereza huko Ethiopia. Baada ya maasi ya jeshi ya 1964 ikabadilishwa, ikaitwa Lugalo. Leo mtu akisema "wamemlaza Lugalo" anamtaja mgonjwa wa hospitali ya jeshi, wala hana habari kwamba ametaja siku ambayo kamanda mzima wa Kaiser alilala chali porini.

Nilitembea na risiti ya baba mdogo kwa siku kama kumi. Nilijisikia vizuri. Hata kofia nikaanza kuivaa tena.

Rafiki yangu haitaki

Nina rafiki hapa Dar, mwalimu wa historia, mtu wa kubishana naye mpaka kahawa inaganda kikombeni. Nikamtolea hoja ya risiti nikitegemea atapiga makofi.

"Risiti gani hiyo inayomsifu aliyedaiwa?" akauliza. "Risiti inakaa kwenye droo. Hiyo ni sanamu imekosa kichwa tu."

Akanikumbusha ya Wissmann, gavana wa zamani wa Kijerumani. Mnara wake ulizinduliwa hapa hapa Dar mwaka 1909: Mzungu juu, na chini yake askari mweusi anamtazama kama anayesubiri kutumwa. Waingereza walipochukua nchi wakamng'oa. Wajerumani wakamchukua, wakamsimamisha mbele ya chuo kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Mwaka 1967 wanafunzi wakamwangusha. Akarudishwa. Mwaka 1968 wakamwangusha tena, na safari hiyo hakurudi juu.

"Vijana wa Kijerumani walimwangusha Mjerumani mwenzao," akasema. "Wewe mjukuu wa Lugalo unamvulia kofia Zelewski. Halafu unaniletea habari za TRA."

Nikajitetea kwamba si sawa. Wissmann alisimamishwa mjini kama mshindi, watu wamwone kila siku na wajue nani mkubwa. Zelewski amesimamishwa alipoanguka. Mnara wa mtu mahali alipopigwa si kitu kimoja na mnara wa mtu mahali anapotawala.

"Umesoma alikuwa nani kabla hajaja kwenu?" akauliza.

Nilikuwa nimesoma kidogo. Nikaenda kusoma zaidi.

Nyundo kabla ya Lugalo

Watu wa Pangani hawahitaji makala yangu kwa hili. Mwaka 1888 Zelewski alikuwa wakala wa ile kampuni ya Kijerumani mjini kwao. Alikuja na bendera ya kampuni, akataka ipandishwe, na liwali wa Sultani alipogoma, yakaletwa majeshi kutoka melini. Kinachokumbukwa zaidi ni msikitini: waliingia na viatu na mbwa, siku za Idi.

Mbwa msikitini siku za Idi. Mtu wa pwani ukimwambia hivyo huna haja ya kumaliza sentensi.

Mji ukachemka. Zelewski mwenyewe alifungiwa ndani, akaja kuokolewa na jenerali wa Sultani, Mwingereza Lloyd Mathews. Moto ule ndio uliokuja kuwa vita vya Abushiri, na Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Aliyewasha kiberiti hakunyongwa. Alipanda cheo. Kufikia 1891 ndiye kamanda wa jeshi zima la Wajerumani katika nchi hii, na njia yake ya kuingia Uhehe aliipita akichoma vijiji.

Jina la Nyundo hakupewa kwa sababu ya useremala.

Niliposoma hayo nikamtumia mwalimu ujumbe: umeshinda. Kwa siku mbili nzima nilikuwa upande wa kuvunja. Nilikuwa nikiwaza nyundo nyingine sasa, ya kilo tano, ile yenye mpini wa mti, baba mdogo anaziuza.

Siku ya tatu nikakutana na hesabu.

Dakika chache

Mapigano yenyewe mnayajua, kwa hiyo sirudii yote. Msafara ule ulikuwa mstari mrefu mwembamba ndani ya kichaka, mtu nyuma ya mtu, mizinga ikiwa mizigo tu juu ya wanyama na watu. Inasimuliwa kwamba Mzungu mmoja alifyatua risasi kumlenga ndege, na Wahehe waliojificha wakadhani ndiyo ishara. Inasimuliwa pia kwamba Zelewski alikuwa juu ya punda, na aliyemmaliza kwa mkuki ni kijana wa miaka kumi na sita hivi. Sehemu ya punda ndiyo bibi aliyoipenda. Alikuwa akiisimulia, anakaa juu ya kigoda, anayumba.

Yote yalichukua dakika chache.

Waliouawa upande wa msafara: Wazungu 10. Askari kama 250. Wapagazi kama 96.

Kumi.

Nilirudi kwenye picha ya baba mdogo, nikaivuta hadi ikapasuka vinukta. Nilitaka kuona kama nimesimama kumwelekea Zelewski peke yake. Simu haiwezi kukuambia hilo.

Hebu mtazame mpagazi mmoja kati ya hao, kwa sababu mimi nimemtazama kwa wiki tatu. Ana mzigo wa karibu kilo thelathini. Mkono mmoja unaushikilia usianguke, mwingine una fimbo. Shingo imekaza, macho yapo kwenye visigino vya aliye mbele yake. Bunduki hana. Amri zinazopigiwa kelele si za lugha yake. Anasikia mlio mmoja mbele, anadhani bwana amepata kitoweo. Kisha kichaka chote kinasimama.

Mtu mwenye mzigo hawezi kukimbia mpaka autupe. Na mpagazi alifundishwa miaka yote kwamba mzigo hautupwi.

Hizo sekunde mbili ndizo zinazonikosesha usingizi.

Upande wetu nao tulizika. Bibi alikuwa akisema Mkwawa alikataza vilio baada ya Lugalo, ili adui asijue ni wangapi. Nimekuja kukuta masimulizi hayo si ya bibi peke yake. Nilipokuwa mtoto niliyasikia kama akili ya vita, nikaona ni ujanja mtupu. Sasa nayasikia kwa sikio la mama aliyeletewa mwanawe amefungwa kwenye ngozi, jirani wamejaa uani, na hakuna ruhusa ya kufungua mdomo.

Wajomba

Sijawaambia kwamba mama yangu ni Mnyamwezi wa Tabora.

Ukoo wa baba unalijua hilo na huwa hauliweki kwenye hadithi za Lugalo, nami nimekua vivyo hivyo. Lugalo ni ya upande wa baba. Upande wa mama una asali na michembe na simu za Jumapili. Jumapili moja basi nikampigia, nikamsimulia yote, kuanzia kofia mpaka kundi la WhatsApp. Alicheka vizuri. Halafu akasema, kama mtu anayeuliza bei ya mchele:

"Kwani chai ya huyo Mzungu wenu ilikuwa inabebwa na nani?"

Nikakaa kimya.

"Wazee wetu walikwenda pwani na kurudi mpaka wakaota sugu mabegani," akasema. "Msafara upi ulipita nchi hii bila Mnyamwezi?"

Sina ushahidi kwamba mtu wa ukoo wa mama alikuwa Lugalo. Sitaki kujipachika msiba usio wangu. Kuna watu wanaopenda hivyo na mimi nawakwepa. Ninachosema ni kwamba sina pia jina la kuonyesha hakuwepo. Huyo "kama 96" ni mlango usio na kibao. Anaweza kuwa mjomba wa mtu yeyote anayesoma hapa, kutoka Tabora au Bagamoyo.

Ile "sisi" yangu ikapasuka hapo. Sisi wenye mikuki, na labda sisi wenye mizigo, ndani ya kichaka kimoja.

Na askari je? Hapo nimekwama zaidi. Wissmann aliwaleta Wasudani kutoka Cairo na Wazulu kutoka kusini, Msumbiji ya Wareno, pamoja na watu wa huku pwani. Hao walikuwa na bunduki na mshahara, na vijiji vilivyochomwa njiani havikuchomwa na Wazungu kumi kwa mikono yao. Askari sitaki kumwosha. Lakini mtu aliyepandishwa meli Misri, akaja kufia kwenye majani ya Lugalo kwa ugomvi wa mbwa wa mwenzake, naye nimwekee nini? Nimeandika aya hii mara nne na kila mara inaishia hapa.

Adabu za makamanda

Kuna jambo moja nimeliona nikiwa natafuta mfano wa jiwe letu kwingine. Makamanda huheshimiana.

Nenda Zambia, kwenye mto Chambeshi. Kuna mnara uliojengwa enzi za Waingereza pale ambapo von Lettow-Vorbeck, adui yao wa miaka minne, alipata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya, Novemba 1918. Mwingereza alimjengea kumbukumbu mtu aliyemsumbua tangu Tanga. Kwa nini asimjengee? Walikuwa watu wa meza moja. Walipigana, wakaandikiana, na vita vilipoisha walialikana chakula.

Hata Tom von Prince, yule Sakarani aliyemwinda Mkwawa mpaka mwisho, baba yake alikuwa Mwingereza. Aliuawa Tanga Novemba 1914 akipigana na jeshi la watu wa baba yake. Ukimtafuta vitabuni utampata bila shida, mpaka jina la utani. Hao huandikwa tu.

Kichwa cha Mkwawa, walichokichukua Wajerumani, nacho kilipita njia hiyo. Mwaka 1919, kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, Ujerumani ikaamriwa kulirudisha fuvu la "Sultani Mkwawa". (Kifungu hicho hicho kinadai pia Msahafu wa Khalifa Uthman. Nani aliyeviweka pamoja, na alikuwa amekunywa nini, sijui.) Ilichukua miaka 35. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu yamepangwa rafuni, 84 kati yake yametoka huku kwetu. Akapima, akachagua moja lenye tundu la risasi, na mwaka 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Wapo wanaotilia shaka kama ndilo. Mimi nilipolitazama Kalenga nyuma ya kioo sikuwaza hilo. Nimeliwaza wiki hizi, kwa upande mwingine: gavana aliingia mbele ya vichwa 84 akatoka na kimoja. Themanini na vitatu walikuwa watu wa nani?

Hata sisi wenyewe, tunapodai, tunaanza na mkubwa. Rais Steinmeier alipokuja Songea Novemba 2023 na kuomba radhi, kilichotajwa ni kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, ambacho hakijapatikana. Ni haki kabisa kidaiwe. Nami ningekidai. Nasema tu kwamba hesabu zetu na za Wajerumani, kwenye jambo hili moja, zimeandikwa kwa mwandiko unaofanana: juu jina, chini idadi.

Mzigo! Mzigo!

Juzi nilipita pale mjini kwenye mnara wa Askari, Samora na Maktaba, mahali alipokuwa Wissmann. Waingereza waliuweka 1927. Askari yuko peke yake juu, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Nairobi wana mnara kama huo, ila wao juu wamemweka na mpagazi.

Wetu juu hana mpagazi. Wetu tunaye Kariakoo.

Hilo jina tunalitamka mara ishirini kwa siku. Ni Carrier Corps, jeshi la wachukuzi la Waingereza la vita vya kwanza, lililopiga kambi pale. Vinywa vya watu vikalikata, vikalilainisha, likawa soko. Wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi kwa kuhara na njaa, na ukumbusho wao mkubwa kuliko wote katika nchi hii ni mahali pa kununulia vitenge na simu za mtumba.

Kutoka mnarani nilikwenda huko huko, nilikuwa natafuta bawaba za mlango. Kwenye kona moja finyu nikasikia nyuma yangu, "Mzigo huo! Mzigo! Pisha bosi, mzigo!" Kijana ana marobota mawili ya nguo kichwani, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, macho yapo kwenye visigino vya watu walio mbele yake.

Nikajibana ukutani. Akapita. Hata hakunitazama.

Huwezi kuchonga "kama"

Basi nimeishia wapi? Jiwe la Nyundo lisivunjwe. Hapo nimerudi kwa baba mdogo, ingawa kwa sababu tofauti na zake. Chini ya jina la Zelewski, wapende wasipende waliolichonga, wamo watu mia tatu na zaidi ambao hawana anuani nyingine duniani. Ukivunja jiwe la bwana umevunja na mahali pekee ambapo mtu angeweza kusimama akauliza waliobaki wako wapi.

Nikapata wazo la jiwe la pili. Dogo, pembeni, la kimo cha goti. Nikampigia baba mdogo.

"Saruji natoa mimi," akasema papo hapo, na baba mdogo si mtu wa kutoa saruji. "Mchanga upo. Fundi yupo. Utaandika nini?"

Nikamwambia tutaandika: wapagazi 96.

"Si ulisema kama 96?"

"Ndiyo, kama."

"Sasa 'kama' utaichonga?"

Nikasema basi tusiweke idadi. Tuandike tu "Wapagazi". Akauliza, na Wahehe waliozikwa bila kilio? Nikasema nao. Akauliza, na wale Wasudani? Nikavuta pumzi. Akauliza na vijiji walivyochoma tutaviandika upande upi wa jiwe, maana jiwe dogo la kimo cha goti lina pande nne tu na moja inatazama ardhi.

Mfuko mmoja wa saruji umeshawekwa kando dukani kwake, umeandikwa jina langu kwa kalamu ya bluu. Jina lenyewe ni "Kofia".

Kabla ya kuyatoa makala haya nilimtumia ayasome, kwa heshima, kwa sababu yumo. Alichukua siku mbili. Jana usiku akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia mtu anapima misumari kwenye mizani.

"Nimesoma yote," anasema. "Pale kwa mpagazi nimesoma mara mbili." Kisha kimya kidogo, misumari inamwagika kwenye karatasi. "Lakini mwanangu, kofia ulivua."